Mlingoti Juu ya Barafu ya Kibo

Ndugu msomaji, mlima wetu Kilimanjaro umesemwa sana. Umesemwa katika nyimbo za shule, kwenye kadi za posta, kwenye fulana za watalii na kwenye vibandiko vya chupa. Kila mtu ana lake la kusema juu ya ile kofia nyeupe. Lakini watu waliowahi kukaa na ile theluji, wakaipima leo, wakarudi kuipima tena kesho na mwaka wa kesho, hao ni wa kuhesabu kwa vidole. Makala hii inawahusu hao, na inahusu pia mlingoti mmoja wa chuma uliosimikwa Februari 2000 juu ya barafu ya Kibo upande wa kaskazini, karibu mita 5,800 kutoka usawa wa bahari. Hapakuwa na mtu wa kukaa pale. Mlingoti ulisimama peke yake, ukipigwa na upepo, ukiandika kila saa hali ya hewa iliyoukuta.

Utaniuliza, mwandishi chipukizi wa hadithi unatafuta nini kwenye mambo ya vipimajoto? Subiri kidogo. Nadhani tukifika mwisho utaona kwamba habari hii inatuhusu sisi tunaoshika kalamu kuliko tunavyodhani.

JINA LA KITU CHEUPE

Tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yetu. Neno theluji tulilipata kwa Waarabu. Neno barafu asili yake ni Kiajemi. Kwa hiyo majina yote mawili ya kile kitu kilichoko juu ya mlima wetu yaliingia kwa njia ya bahari, yakafika pwani ambako theluji haijawahi kuanguka hata siku moja. Ajabu, au siyo?

Ukiijua asili hiyo, utaelewa kilichotokea tarehe 11 Mei 1848. Siku hiyo mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, alikuwa njiani kwenda Uchagani pamoja na kiongozi wake wa msafara, Bwana Kheri. Asubuhi wakaona juu ya mlima mmoja kitu cheupe kinachong'aa. Rebmann alimwuliza kiongozi wake kile ni kitu gani. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Rebmann mwenyewe, Bwana Kheri hakutaja theluji wala barafu. Alisema tu kwamba kile ni baridi.

Mimi nalipenda sana jibu hilo. Wako wanaolisoma na kucheka, eti mtu hajui jina la theluji. Lakini hebu lipime vizuri. Bwana Kheri hakubuni hadithi ya kumfurahisha mgeni. Alitaja sifa ya kitu ambayo watu wanaokaribiana nacho walikuwa wameithibitisha. Wachagga walikijua. Rebmann aliandika kwamba alisimuliwa habari za mtawala wa Machame aliyeitwa Rungua, ambaye zamani alituma kundi la watu wapande wakachunguze ule weupe, akitumaini huenda ni fedha. Wengi hawakurudi. Aliyerudi alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Huo nao ulikuwa utafiti, tena wa gharama kubwa, ila hakuna aliyeuandika wakati ule.

BWANA WA LONDON

Habari ya Rebmann ilichapishwa Uingereza mwaka 1849. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, mwenzake Johann Ludwig Krapf naye akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani, nao una weupe. Mashahidi wawili, milima miwili. Ungedhani kesi imekwisha. Wapi!

Kule London alikuwako bwana mmoja, William Desborough Cooley, mtaalamu wa vitabu na ramani za Afrika. Alikuwa amesoma mengi, ila Afrika yenyewe hakuwahi kukanyaga. Huyu alikataa katakata. Karibu na ikweta, jua la utosi, theluji itoke wapi? Mwaka 1852 alitoa kitabu chake juu ya Afrika ya ndani, na humo akawapinga wamisionari wale akidai kwamba waliona kwa mawazo yao na si kwa macho.

Jibu la swali lake halikuwa gumu. Ukipanda juu, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000, na kilele cha Kibo kiko mita 5,895. Toa nyuzi 30 kwenye joto la Moshi uone unabaki na nini. Lakini Cooley hakutaka hesabu, alitaka kushinda.

Mwaka 1861 Mjerumani mwingine, Karl Klaus von der Decken, alikwenda mlimani pamoja na mtaalamu wa miamba, Richard Thornton. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten, wakapanda hadi mita 4,200 hivi, na theluji ikawaangukia wenyewe huko huko. Sasa mtu ameangukiwa na theluji mgongoni, utamwambia ni mawazo? Cooley aliendelea kubisha. Wenzake wa chama cha jiografia cha London hawakumfuata tena, na Decken akapewa nishani ya dhahabu.

Nimerefusha kisa hiki kwa makusudi. Kinaonyesha kwamba tangu siku ya kwanza historia ya theluji yetu ilikuwa ugomvi kati ya aliyefika na aliyekaa kwenye kiti. Ila kufika nako peke yake hakutoshi, kama tutakavyoona.

ALIYEFIKA NA ALIYEBAKI

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer kutoka Ujerumani na Ludwig Purtscheller kutoka Austria walifika kilele cha Kibo. Miaka miwili kabla, mwaka 1887, Meyer alikuwa amejaribu, akazuiwa na ukuta wa barafu. Safari hii walichonga ngazi kwenye barafu kwa shoka, hatua kwa hatua, hadi ukingo wa shimo la volkeno. Leo mpanda mlima anafika ukingo uleule kwa njia ya Marangu akikanyaga kokoto na vumbi la volkeno, na barafu anaiangalia kwa mbali. Kumbuka tofauti hiyo.

Vitabu vinamtaja Meyer. Watu wa Marangu wanamkumbuka mzee Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996, kuwa ndiye kijana aliyewaongoza wageni wale. Lakini yuko mwingine ambaye mimi namfikiria zaidi: Mwini Amani, mtu wa Pangani. Meyer mwenyewe anamtaja katika maandishi yake. Wageni walipokuwa wakipanda na kushuka kutafuta njia, Mwini Amani alibaki kambini juu, katika ile nyika tupu ya baridi, akitunza moto na kupika. Mtu wa pwani, mwenye kuzoea minazi na jasho, akaishi mahali ambapo maji huganda usiku. Kama angekuwa na daftari na kipimajoto, tungeweza kusema kwamba mtumishi wa kwanza wa kituo cha hali ya hewa juu ya Kilimanjaro alikuwa Mswahili wa Pangani. Hakuwa navyo. Aliyaona yote, lakini hatuna neno lake hata moja.

Meyer alirudi mwaka 1898. Alikuta barafu imerudi nyuma kuliko alivyoiacha miaka tisa tu kabla. Shika mwaka huo vizuri, msomaji, kwa sababu nitaurudia. Mwaka 1898 barabara zetu hazikuwa na magari, na moshi wa viwanda vya dunia ulikuwa mdogo ukilinganisha na wa leo, lakini barafu ya Kibo ilikuwa tayari inapungua.

RAMANI NA TARAKIMU

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walizunguka sehemu za juu za mlima wakipiga picha za kupimia, na kutokana na picha hizo ikachorwa ramani iliyo sahihi ya barafu yote. Ramani hiyo ndiyo mama wa hesabu zote zilizofuata. Baadaye zilipigwa picha kutoka angani, wataalamu wakalinganisha. Haya ndiyo matokeo, kwa kilometa za mraba:

Mwaka 1912, kama 12.
Mwaka 1953, 6.7.
Mwaka 1976, 4.2.
Mwaka 1989, 3.3.
Mwaka 2000, 2.6.
Mwaka 2011, 1.76.

Yaani katika miaka 99 barafu ilipoteza sehemu 85 hivi katika kila 100. Tarakimu hizo zinatisha. Lakini ziangalie kwa jicho la mtunga hadithi, utagundua upungufu wake. Kati ya picha ya 1912 na ile ya 1953 ni miaka 41. Ni sawa na kumwona mtu siku ya ubatizo, kisha ukamwona tena ana mvi. Utajua kwamba amezeeka. Hutajua alizeeka kwa maradhi gani, kwa njaa, kwa kazi au kwa majonzi. Ramani inakwambia kiasi gani. Haikwambii kwa nini. Ili kujua kwa nini, lazima mtu, au kitu, kikae palepale.

MWALIMU WA KILATINI

Hapa naomba tutoke Kilimanjaro kwa muda, twende Marekani, maana huko yuko mtu aliyeifundisha dunia kupima theluji, na mtu huyo hakuwa hata mwanasayansi kwa kazi. James Edward Church alikuwa mwalimu wa Kilatini na fasihi za kale katika Chuo Kikuu cha Nevada, mjini Reno. Ni mtu wa vitabu kama sisi! Mwaka 1895, katikati ya majira ya baridi, alipanda Mount Rose, mlima wa zaidi ya mita 3,200, jambo ambalo watu wa mji waliona ni wazimu. Miaka kumi baadaye alianza kujenga kituo cha hali ya hewa juu ya kilele chake.

Watu wa kule walikuwa na ugomvi wa maji ya Ziwa Tahoe. Theluji ikiyeyuka ziwa lilipanda. Wenye nyumba pembeni walilia mafuriko, na wenye mashamba na mitambo ya umeme kule chini walitaka maji yahifadhiwe. Swali likawa: mwaka huu yatakuja maji kiasi gani? Kupima kina cha theluji kwa rula hakusaidii. Theluji mpya ni kama pamba. Sentimita 10 zake zinaweza kutoa sentimita 1 tu ya maji, na ile ya zamani iliyoshindiliwa hutoa maji mengi zaidi.

Mwalimu Church akatengeneza bomba refu lenye meno mwishoni. Unalididimiza hadi ardhini, linang'oa nguzo ya theluji, unalipima bomba pamoja na theluji yake kwenye mizani, unatoa uzito wa bomba, unabaki na uzito wa maji. Basi. Kila mwaka alirudi sehemu zilezile, akapima, akalinganisha na miaka iliyopita, akawa anaweza kutabiri ziwa litapanda kiasi gani kabla theluji haijayeyuka. Ugomvi ukapoa. Njia yake ikaenea Marekani yote ya magharibi na nchi nyingine.

Angalia siri yake. Vipimo vyake havikuwa na maajabu yoyote, nguvu yake ilikuwa katika kurudi palepale.

Huku kwetu Afrika Mashariki namna hiyo ya kurudi ilianza Mlima Kenya, juu ya barafu iitwayo Lewis, iliyopimwa kwa mara ya kwanza mwaka 1934. Baadaye mtaalamu Stefan Hastenrath wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliiwekea vijiti. Unatoboa barafu, unachomeka kijiti, mwaka wa kesho unaangalia kijiti kimechomoza kiasi gani. Kazi hiyo iliendelea kutoka 1978 hadi 1996. Miaka 18 ya kusoma vijiti! Ndiyo sababu hakuna barafu ya nchi za joto iliyofahamika vizuri kama ile kwa miaka mingi. Kilimanjaro, pamoja na sifa zake zote, haikuwa na kitu kama hicho. Hadi ulipokuja mlingoti.

MLINGOTI WENYEWE

Mwanzoni mwa mwaka 2000 walipanda Kibo wataalamu wakiongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, wakatoboa barafu na kutoa nguzo sita, iliyo ndefu kuliko zote ikiwa na karibu mita 50. Pamoja nao alikuwako Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts. Yeye kazi yake ilikuwa kusimika kituo.

Kituo chenyewe ni kitu cha kawaida ukikitazama. Nguzo za chuma zimekita kwenye barafu. Juu yake kuna vipimajoto, kipimo cha unyevu wa hewa, vipimo vya kasi na uelekeo wa upepo. Kuna kijicho kinachotazama juu kupima mwanga wa jua unaoshuka, na kingine kinachotazama chini kupima mwanga unaorudishwa na weupe wa theluji. Kuna pia chombo kinachofanya kazi kama popo: kinatuma sauti chini, kinangoja mwangwi, na kwa muda wa mwangwi kinajua uso wa theluji uko umbali gani. Theluji ikianguka usiku umbali unapungua. Barafu ikiliwa umbali unaongezeka. Umeme wake ni wa jua na betri, na tarakimu zake zilitumwa kwa setilaiti.

Nani alivipandisha vyuma na betri hizo? Wapagazi. Wao ndio waliobeba vyuma kwenda juu, na ndio waliobeba masanduku ya barafu kuja chini, ikasafirishwa hadi Ohio na kuhifadhiwa kwenye baridi kali. Kila mara kituo kilipohitaji matengenezo, ilibidi watu wapande tena. Barafu iliyoshika mguu wa mlingoti ilikuwa ikipungua, na mlingoti ukiachwa muda mrefu huinama. Mtu aliyesimikwa juu ya kitu kinachokwisha hawezi kulala usingizi.

Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, waliongeza vituo vingine, kimojawapo kwenye barafu ya kusini yenye jina la Kersten, yuleyule mwenzake Decken. Ndipo mlima ukaanza kujibu swali la kwa nini.

MLIMA ULIVYOJIBU

Kwanza mlingoti ulisema kwamba wastani wa joto pale ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Sasa we fikiria. Sote tulidhani barafu ya Kibo inayeyuka kama koni iliyoachwa juani pale Kariakoo. Lakini hewa yenyewe ya pale ni ya baridi ya kugandisha. Inakuwaje basi?

Jibu la kwanza ni jua. Hewa ya juu ni nyepesi na kavu, na jua la ikweta ni kali. Barafu inapigwa na mwanga, na sehemu kubwa inaondoka ikiwa mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji. Ni kama nguo iliyoanikwa mahali pa baridi kali: inaganda, na bado inakauka. Mwanga huohuo hukata kuta za barafu zilizosimama wima, nazo hurudi nyuma mwaka hadi mwaka.

Jibu la pili ni theluji mpya. Theluji iliyoanguka jana ni nyeupe pepe, inarudisha sehemu kubwa ya mwanga angani. Ni shuka inayoifunika barafu. Ikikosekana, barafu kuukuu yenye vumbi inabaki uchi, inameza mwanga, inaliwa. Kwa hiyo maisha ya barafu ya Kibo yanategemea sana masika na vuli. Vuli ikiwa nzuri, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2006, mlima unavaa shuka nene. Vuli ikikosa, mwaka huo ni wa hasara.

Sasa urudie ule mwaka wa 1898. Wataalamu wa vituo hivi walilinganisha majibu ya mlingoti na historia ya maziwa yetu, wakaona kwamba maji ya Ziwa Victoria yalishuka sana baada ya 1880. Kumbe hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipata ukavu mwishoni mwa karne ya 19. Mvua ilipungua, shuka ikawa nyepesi, barafu ikaanza kurudi nyuma kabla Meyer hajafika mara ya pili. Hiyo haina maana kwamba joto la dunia halihusiki. Thompson na wenzake walionyesha kuwa katika sentimita 65 za juu za nguzo moja ya barafu kuna dalili za kuyeyuka ambazo hazikuonekana kwingine katika nguzo ile. Tena bahari inapopata joto, mvua zetu nazo hubadilika. Ugomvi wa kitaalamu ulikuwa mkali, na ulikuwa ugomvi mzuri, kwa sababu safari hii pande zote mbili zilikuwa zimepanda mlima.

UTABIRI ULIOPITWA NA TAREHE

Mwaka 2002 kundi la Thompson lilitangaza kwamba hali ikiendelea vile, barafu ya Kilimanjaro itakwisha kati ya 2015 na 2020. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Tarehe zilifika, zikapita. Barafu bado ipo. Mwaka 2022 Unesco ilisema kwamba barafu za maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika, Kilimanjaro ikiwemo, huenda zikatoweka ifikapo 2050.

Mitaani nimesikia vijana wakisema, basi wazungu walitudanganya, barafu haiendi popote. La hasha! Utabiri ule ulikuwa mstari ulionyooka uliopitishwa kwenye tarakimu tulizoziona hapo juu, na mlima haufuati rula. Una miaka ya shuka nene na miaka ya uchi. Lakini mwelekeo wenyewe haukubadilika. Kufikia mwaka 2012 ile barafu ya kaskazini, ndugu yake mlingoti, ilikuwa imekatika vipande viwili. Anayesema haitakwisha kwa sababu haikwisha 2020 ni mjukuu wa Cooley.

Liko kosa lingine linalosemwa kila siku, kwamba barafu ikiisha mito ya Kilimanjaro itakauka. Barafu iliyobaki ni ndogo, na sehemu kubwa yake inaondoka kwa mvuke. Maji ya mito na mifereji ya Uchagani yanatokana hasa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu unaouzunguka mlima. Kwa hiyo ule moto mkubwa wa Oktoba 2020 uliounguza mimea ya sehemu za juu ulipaswa kututisha zaidi kwa habari ya maji kuliko picha za barafu. Tunalia kwa kofia, na huku kanzu inaungua.

Kinachopotea barafu ikiisha ni kitu kingine. Ndani ya zile nguzo kuna tabaka la vumbi jeusi ambalo Thompson analihusisha na ukame mkubwa wa miaka 4,200 hivi iliyopita. Wengine wamebishia umri wa barafu ile, na ubishi ni haki yao. Lakini kitabu ni kitabu hata tukibishania tarehe yake. Kurasa zake za juu zinaliwa na jua kila mwaka, na nakala iliyohifadhiwa iko Ohio.

SISI NA DAFTARI

Hapa ndipo ninapowageukia waandishi wenzangu. Miongoni mwetu wako wengi wanaotaka kuandika juu ya Kilimanjaro, na wengi wetu tunaiandika kama alama: uhuru, fahari, mwanga uliowashwa kileleni Desemba 1961. Sikatai. Lakini alama haina vuli wala masika. Haipungui, haijazwi. Mlima wa kweli kila wiki una habari mpya, na habari hizo tangu 1848 zimeandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza, huku Bwana Kheri akibaki na neno moja, na Mwini Amani bila neno.

Hatuna setilaiti. Wala kupanda Kibo si bei ya mtu aliyemaliza sekondari na kukaa kijiweni. Lakini kofia ile inaonekana bure kutoka stendi ya Moshi, kutoka Himo, kutoka Machame, mawingu yakipenda. Mwalimu wa Kilatini alianza na miguu yake na daftari. Kijana wa Moshi anayesoma makala hii anaweza kununua daftari la kurasa 96 leo hii, akaandika kila asubuhi tarehe, mlima ulionekana au haukuonekana, weupe umeshuka hadi wapi ukilinganisha na jana, upepo ulitoka upande gani. Asipambe. Asiruke siku kwa sababu hakuna jipya, maana siku isiyo na jipya nayo ni kipimo. Akifanya hivyo masika na vuli kumi, atakuwa na kitu ambacho hakimo katika maktaba yoyote: kumbukumbu ya theluji ya Kilimanjaro ya siku kwa siku, kwa Kiswahili, iliyoandikwa na mtu anayeishi chini yake.

Riwaya inaweza kungoja. Barafu haingoji.